Pipa Walilolimwaga Siku ya Msiba Wako

Shoga yangu Mwanaidi,

Nimekaa kwenye kile kigoda chako kibovu, mlangoni mwa banda letu la maua, nakuandikia. Usinicheke. Nina mashitaka, na sina wa kumpelekea zaidi yako.

Walilimwaga pipa la mbolea.

Siku ile mie nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, tunakuosha. Nje wanaume wanatafuta vyombo vya maji ya kupikia. Si unaujua msiba wa huku kwetu Boko, mtu akiondoka, kila chombo uani kwake kinakuwa cha watu wote. Wakaliona pipa letu. Wakalilaza, wakamwaga vyote mtaroni, wakalisugua kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka likang'aa. Jioni shemeji yako akanijia kwa furaha kabisa: "Dada Tatu, lile pipa lenu lilikuwa linanuka balaa. Tumewasafishia."

Nikamwambia ahsante. Ningesema nini, Mwanaidi? Ndiyo kwanza wametoka kukuzika, mie nianze kulilia majani yaliyochacha? Wali wa msiba ulipikwa kwa maji ya pipa lile. Nilikula. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo likaniuma.

Hawakujua. Wao waliona uchafu. Majani ya mlonge, maganda ya ndizi, machicha ya nazi tunayoomba kwa mama lishe wa kituoni, maji, kifuniko juu. Nikichota nikakaribia chini ulikuwa unanipiga kofi mkononi: "Muache bibi, Tatu! Bibi ndiye anayewalea hao wengine." Bibi wako ulikuwa ule uji mzito wa chini, ambao haukuwahi kuisha tangu siku ile nilipopunguzwa kiwandani nikaja kwako na mfuko wa nguo na hasira zangu. Wakati ule mbolea ya dukani ulikuwa huipati mpaka umjue mtu, na sie hatukumjua mtu. Tukachachusha ya kwetu. Siku hizi mambo ruksa, Kariakoo zimejaa mbolea za nje, paketi zina picha ya waridi kubwa kama kabichi. Tulipoitafuta wawili haikuwepo. Sasa ipo, na wewe haupo.

Niliinunua. Niseme ukweli, maua yalikuwa yana njaa, ningefanyaje? Nikapima kwa kijiko kama walivyoandika, kisha kwa woga wangu nikapunguza nusu. Na bado bigonia zako zikaungua kingo za majani, zikawa kama karatasi iliyopitishwa motoni. Zile bigonia, Mwanaidi. Zile ulizoziotesha kwa kulaza jani juu ya mchanga, ukalifunika kwa nailoni, halafu ukatukataza kupiga kelele bandani kama vile kuna mtoto amelala. Maua mengine yote yakifa nitapanda mengine. Hizo nitazitoa wapi?

Nikaanza pipa upya, vipimo vyetu vilevile. Likaoza, likajaa funza. Nikarudia. Likaoza tena. Kuoza na kuchacha ni vitu viwili, pua yangu inajua. Bibi hakuwemo.

Sasa sikia. Baada ya arobaini yako nikaenda kumrudishia Bi Chiku sufuria lake. Huyuhuyu jirani yetu aliyekuwa akipiga kelele juu ya ua, "Nyie, mnachemsha mzoga gani humo?", akipata wageni anafunga madirisha kwa kishindo ili tusikie. Napiga hodi, naiona asmini yake: majani yamekolea kijani mpaka yanakaribia weusi, maua yamemwagika hadi chini. Nyuma ya mlango kuna dumu limezibwa kwa kitambaa. Na ile harufu. Harufu yetu!

Bi Chiku akainama kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mwenzio alikuwa ananipa kila Ijumaa. Akasema nisikwambie, maana wewe ungeniuzia."

Kumbe! Mie nasimamia kila kopo la mbolea mbele, wewe unagawa kwa mlango wa nyuma! Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Kisha nikakumbuka ulivyokuwaga unanitania, "Tatu, wewe hata peponi utaanza kuhesabu vyumba," nikacheka mpaka nikakaa chini, na hapohapo kwenye sakafu ya Bi Chiku nikakulilia. Sikuwa nimekulilia bado. Tangu tukutoe nilikuwa napika, napokea watu, napima mbolea.

Akanisukumia dumu. "Chukua lote, mwanangu." Nikakataa. Nikamimina nusu, nusu nikamwachia. Kitu kikikaa nyumba mbili hakimwagwi chote siku moja. Hesabu hiyo ulinishinda, na ningependa uwepo unitambie.

Nikaitia pipani juu ya majani mapya, na sasa pipa linatoa povu. Kopo moja kwa makopo kumi ya maji, kama zamani. Bigonia zimebaki chache, ila moja imetoa jani jipya, lile lenye wekundu kwa chini. Nikichota nikakaribia chini huwa nasubiri kofi lako. Haliji. Nausimamisha mkono mwenyewe, nasimama pale kidogo, nafunika.

Ijumaa ya Bi Chiku nitaitimiza, kwa mlango uleule wa nyuma, na sitamtajia bei. Na siku yangu ikifika, wanangu nimeshawaambia wakakodi mapipa ya maji. Hili wasiliguse, watu walie pembeni yake.

Pumzika, shoga. Unakumbuka nilivyokuwa nasugua mikono kwa ndimu kabla sijarudi nyumbani, harufu isinifuate, na wewe unanicheka? Jana nimeondoka bandani bila kunawa.

Mimi wako,
Tatu