Mafiga Matatu ya Zawadi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nasikia umeanza darasa la watu wazima, ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa kubwa. Soma mwenyewe, usimpe dada Anjelina, yule huruka maneno. Miguu inasemaje? Na macho? Mvua zimefika, au bado mnatazama mawingu ya ziwani yakipita tu? Sisi huku Dar es Salaam tunapumua. Amani anaota meno, halali, na mimi silali. Baba yake anashinda bandarini.

Mama, kuna jambo la kazini linakuhusu. Napika bado kwenye bweni la Chuo Kikuu. Sasa mafuta na kuni vimekuwa shida, kwa hiyo viwanda vimeunda chama chao cha kubana matumizi ya nishati, yaani moto kidogo ufanye kazi kubwa. Chuo nacho kimekaribishwa humo. Viwanda vinatoa chuma na udongo, Chuo kinatoa akili, na sisi wapishi tunajaribu majiko. Siku mwalimu wa uhandisi alipokuja kututangazia, "Ndugu zangu, Chuo sasa ni mwanachama wa chama kipya," Mama Zuhura, mwenzangu wa maharage, aliangusha mwiko.

"Chama kipya? Nchi hii ina Chama kimoja, Ndugu Mwalimu! Kadi yangu ninayo, sitaki nyingine!"

"Si cha siasa, mama. Ni chama cha moto."

"Basi ndiyo mbaya zaidi! Mnataka kuchoma nini?"

Tulicheka hadi tukakaa chini. Mpaka leo akichochea kuni anasema, "Mwanachama nipo kazini."

Jiko lenyewe ni la udongo, limezibwa pande zote, lina mdomo mdogo wa kuni na bomba la moshi. Kuni kidogo tu, maharage yanaiva. Wote wanalisifu. Mimi peke yangu sikulipenda, na sababu sijamwambia mtu. Mle ndani moto huuoni, unausikia tu. Unavuta, unakwama, unavuta tena. Mama, ni kifua cha Zawadi. Ni vile vile alivyopumua wiki yake ya mwisho, mimi nimempakata, wewe unapuliza moto apate joto. Kuna asubuhi naacha sufuria naenda kusimama nje.

Ndipo ikaja barua ya Anjelina. Anasema bado unatoka kijiji kipya mlikohamishiwa kurudi kule kwenye mahame yetu, unawasha moto kwenye mafiga yale matatu, karibu na kaburi la mtoto. Anasema alikukuta umekaa njiani, huoni pa kukanyaga, macho yamejaa moshi. Na mwenyekiti wa kijiji ametamka kwamba akiona tena moshi kule, atatuma watu wayang'oe mafiga wayatupe. Ulimjibu, "Siku ya lori mlipakia mpaka kuku. Nani alimwambia mtoto kwamba tunahama? Ananingoja pale, na pana baridi."

Nililia, Mama. Kwa sababu ni kweli. Hakuna aliyemwambia.

Sasa sikiliza. Chama hicho kimetaka Chuo kichague kijiji cha kujengea majiko. Mwalimu akaniuliza, "Kwenu wapi?" Nikasema, Kigoma, barabara ya Kasulu, ukipita Kidahwe. Akasema wataanza na wazee wenye macho mabovu. Ningeweza kunyamaza, lile jiko nisilisikie tena hata nikija nyumbani. Lakini macho yako nayataka zaidi. Nikamuuliza kama mafiga ya zamani yanaweza kuingia katika jiko. Alinitazama, akasema, "Kwenye moto yanaweza kupasuka. Chini, kwenye msingi, hayana ubaya." Hakuuliza ya nani.

Kwa hiyo, Mama, nakuomba, na safari hii nakuomba kama mtu mzima: usiende tena peke yako. Nenda mara moja tu, na Anjelina na baba mdogo, mchana, kabla ya watu wa mwenyekiti. Myachukue yote matatu. Mafundi wakija, yalazwe chini, jiko lijengwe juu yake. Na ukilisikia linapumua, usiogope kama mimi. Amani nitamleta alijue.

Nisalimie baba mdogo, mwambie mgongo wake ndio tunaoutegemea. Shangazi wa Mwandiga mwambie mawese yake yalifika, chupa haikuvuja. Majirani wa safu yenu mpya, hata ambao siwajui.

Njiani mkiyabeba, msinyamaze. Mwiteni jina kila penye kona, mpaka mlangoni. Mwambieni, twende, mwanetu, tumehama.

Huku wananiita Mama Amani, naitika. Lakini kwako ni mimi,

Mama Zawadi