Namba ya Mlangoni kwa Baba

Bujumbura, 4 Machi 2025

Kwa Lisette,

Salamu. Sisi hapa tu wazima, sijui wewe huko Bukavu. Mama yako ndiye amenilazimisha niandike. Maneno yangu ya Noeli hayajabadilika: ulipata nafasi ya kusomea dawa, ukakimbilia hesabu. Hesabu itakulisha nini?

Nimefungua karakana ya kutengeneza friji pale mtaa wa Asiatique. Simu mpya ni 73939133, nimeiandika mlangoni kwa chaki. Wateja wanalalamika kwamba ni ngumu kushika, kwa hiyo mwisho wa mwezi nitaibadilisha. Kukiwa na ugonjwa, piga. Kama ni habari za hesabu, usipige.

Baba yako, Gaspard

Bukavu, 9 Machi 2025

Baba mpendwa,

Jambo Baba! Mgongo unaendeleaje? Na Mama? Mimi mzima, tena furaha imenipanda kichwani! Umesema nisipige, basi naandika: nakusihi, usiibadilishe hiyo namba!

Unakumbuka namba tasa, zile mlizoziita shuleni nombres premiers? Hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. 73939133 ni tasa. Futa tarakimu ya mwisho: 7393913, tasa! Futa tena: 739391, tasa! Endelea mpaka ibaki 7, kila hatua ni tasa. Na kati ya namba zote zenye tabia hii, hakuna kubwa kuliko yako. Ongeza tarakimu yoyote mwishoni, inaharibika. Na iko mlangoni kwako, Baba! Usiniamini, jaribu mwenyewe. Anza na 739.

Tangu Noeli nilitamani kukuonyesha ninachokipenda, sikujua pa kuanzia. Nimelia kidogo nikiandika.

Binti yako, Lisette

Bujumbura, 27 Machi 2025

Lisette wangu,

Jambo sana, mama! Mgongo nimeusahau kabisa. Nilianza na 739 ili nikukamate na kosa. Nikashindwa. Salvator, fundi cherehani jirani yangu, akaja na kalkuleta, 7393 ikakataa kugawanyika, ikatushinda wote wawili. Zile ndefu tulimpelekea mwalimu mmoja mwenye kompyuta. Zote tasa!

Jumamosi nikawaonyesha wateja. Nafuta kwa kitambaa, Salvator anapaza sauti, "Inagawanyika?" Watu wanajibu, "Apana!" Nafuta tena, "Apana!" Ikabaki 7, makofi mpaka barabarani. Mama mmoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akauliza, "Ni nani alikufundisha hii?" Nikasema, "Ni mutoto yangu. Anasoma hesabu kule Bukavu."

Jumatatu hakuna aliyepiga simu. Jumanne vilevile. Nikalaumu mtandao. Kumbe mlangoni nimeacha 7 peke yake! Mama yako amecheka mpaka akakaa chini.

Leo nimenunua rangi ya mafuta. Namba imerudi yote, na chini yake nimeandika: IMECHUNGUZWA NA BINTI YANGU, MTU WA HESABU.

Yale maneno ya Noeli yalikuwa ya mtu mkaidi, yaache huko. Ukiwa na habari za hesabu, piga, hata leo. Namba unayo.

Baba yako