Uso Wako kwenye Kitambaa cha Pamba

Baba yangu mpendwa,

Huku Kasongo mvua zimeanza, na macho ya Mama yameingia utando. Majuzi aliniita akaniambia, "Mwana, sura ya baba yako inaanza kunipotea. Unichorie yeye, nimuone kabla macho ifunge kabisa."

Picha zako zote ziliungua na nyumba yetu ya Wamaza tulipokimbia vita. Ikabidi nikuchore kwa kukumbuka tu.

Mdogo wangu alikuwa amenitumia vitambaa viwili kutoka Bukavu, kimoja cha pamba, kingine cha kitani. Wewe uliyechora mabango ya maduka juu ya magunia ya unga ungekishangaa hicho kitani! Ukikivuta kwenye fremu kinakaza kama ngozi ya ngoma, na unyevu wetu haukilegezi upesi. Wajukuu wako wangezeeka nacho. Cha pamba ni laini, na hulegea mvua zikishika. Moyo wangu ulitaka kitani. Nani humpa baba yake kitambaa cha daraja la pili?

Lakini kitani kilikuwa bado kitupu: kipakwe gundi, kikauke, kipakwe rangi nyeupe ya chini, kikauke tena, na jua halionekani. Cha pamba kilikuja tayari. Nilipomweleza Mama, alivipapasa vyote viwili.

"Hii iko na nguvu, itadumu," akasema, mkono juu ya kitani. "Na mimi je, niko wa kudumu?"

Nikachukua pamba.

Nilikuchora ulivyokuwa juu ya ngazi ukichora jogoo kwenye ukuta wa duka, rangi kwenye ndevu, ukicheka kabla hadithi yako haijafika mwisho. Nilipochovya brashi, nilikusikia: "Usiogope rangi, mwanangu. Ni yenyewe ikuogope."

Nilipomaliza, Mama alisogeza kiti mlangoni penye mwanga, akainama hadi pua ikagusa rangi mbichi.

"Masikio umekosea. Yake ilikuwa makubwa."

Kisha akakusalimia kwa Kibangubangu, taratibu, kama anavyosalimiwa mtu aliyerudi safarini, akakuuliza kama umekula. Nilitoka nje nikalia, Baba, na kilio kile kilinipunguzia mzigo.

Sasa haoni tena ila mwangaza. Nilimhurumia, nikadhani atanung'unika. Lakini jana jirani mgeni aliniuliza ulikuwa mtu wa namna gani, Mama akamkatiza: "Uniulize mimi. Nilimuona juzi juzi tu."

Pumzika, Baba. Masikio nimeyaongeza.

Mwanao wa kwanza, uliyemfundisha kushika brashi