Kizuizi cha Mtoto wa Ami

Jumapili, 3 Machi 2019

Leo mkate mmoja umeniungulia. Mkate! Mimi ninayekaa mbele ya tanuri hili tangu nikiwa mtoto. Rusul alikuja akachutama karibu yangu, akawa anachezea unga. Nikajua ana neno.

"Shangazi, kuna mtu anataka kuja kuniposa."

"Heri. Nani?"

"Muntadhar."

"Muntadhar yupi?"

Akaufinya unga. Kisha, macho kwenye moto: "Wa Chasib."

Hapo ndipo mkate ulipoungua. Machozi yalipotoka nikausingizia moshi.

Binti wa kaka yangu, lakini nimemlea mimi. Chumba kimoja, vitanda viwili. Sasa amelala mchana huu, na mimi naandika kwenye daftari lake la shule la zamani, nikimsikia anavyopumua.

Jumatatu, 4 Machi

Niandike jambo hili mara moja, nisilibebe tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwalimu Hatif alileta wazee, baba akakubali. Asubuhi yake Chasib, mtoto wa ami yangu, akasimama mbele ya geti letu na bunduki. Risasi tatu hewani. Akasema maneno yale ya wazee wetu: Fakhriya ni haki yangu, namzuia, atakayemchukua asinilaumu. Hapa Majar mtoto wa ami akishazuia, hakuna mwanamume atakayethubutu.

Sawa – basi anioe! Hakunioa. Alikuwa na ugomvi na baba, ugomvi wa pampu ya maji ya shambani. Mimi nikawa jibu la pampu. Baada ya miaka miwili akaoa kwingine, akamchukua dada wa Mama Haidar, huyu huyu mke wa kaka yangu, mama yake Rusul. Na kizuizi hakukiondoa. Kila Idi baba alituma watu wamwombe. Kila Idi jibu moja: bado.

Hatif alihamia Basra. Nasikia ana wajukuu.

Leo nina arobaini na tisa. Hakuna anayeuliza tena kama kizuizi kipo. Kipo. Hakijaondolewa.

Jumatano, 6 Machi

Kaka yangu Abdulzahra ameniita uani, chai mezani, mkewe pembeni. Hakuzunguka. Alisema siku ile ya risasi alikuwa na miaka kumi na miwili na alijificha nyuma ya pipa la maji. "Sikusema neno, dada. Leo nasema. Binti yangu hataingia nyumba ile bila ruhusa yako. Ukisema hapana, ni hapana."

Mama Haidar akagonga kijiko kwenye bilauri. "Na sisi wengine tunywe chai tu, eh? Mgeni utamchunguza mwaka mzima, bado atakuficha jambo. Mtoto wa dada yangu namjua hata anavyokohoa!"

Ndipo nikasema: vijana hawa ni ndugu upande wa baba na upande wa mama. Damu mara mbili. Hamkuona watoto wa jirani, wale wawili wanaopelekwa kuongezwa damu kila mwezi? Wazazi wao si mtu na mtoto wa ami yake?

Mama Haidar akakiweka kijiko chini. Neno zuri. Neno la msomi kabisa.

Mungu wangu anajua nililitoa wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Mwezi wa Rajabu umeandama. Nimefunga. Baada ya sala nilimuuliza Sayyid wa msikitini, mimi nyuma ya pazia. Akajibu kwamba dini haikukataza kuoana na mtoto wa ami, wala haikuamuru. Walio na ugonjwa katika ukoo wakapime, Mungu ametupa akili. Kilicho haramu ni kulazimisha, na kumzuia mwanamke asiolewe. Aliyefanya hivyo atajibu kwa Mola wake.

Nikafurahi! Astaghfirullah, nilifurahi.

Kisha sijui nini kilinisukuma. "Na anayezuia akiwa ni mwanamke, Sayyid?"

Akakohoa, akacheka kidogo. "Haramu haichagui ndevu, mama yangu."

Nimerudi kwa miguu. Kiu, na vumbi.

Jumapili, 10 Machi

Tumekwenda hospitali mjini Amara, vijana wapimwe damu. Mama Haidar na mimi wasindikizaji. Muntadhar nimemwona kwa karibu leo. Taya ni ya baba yake, Mungu nisamehe, nilitaka kugeuza uso. Lakini alishika mlango, macho chini. "Pita, shangazi." Na sindano ilipoingia, aliyefumba macho ni yeye. Rusul alimcheka mpaka muuguzi akamnyamazisha.

Daktari, msichana mdogo tu, akawa mkali: "Nyinyi watu wa Majar, hakuna wengine wa kuoana nao?"

"Wapo, daktari," akasema Mama Haidar, "lakini hawajui kupika samaki."

Hata mimi nilicheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Jumatano, 13 Machi

Majibu: safi. Daktari amesema hawezi kumdhamini Mungu, ila ule ugonjwa wanaouogopa haupo, si kwa Rusul si kwa Muntadhar. Mama Haidar akapiga vigelegele pale pale kwenye ngazi.

Neno langu zuri limekufa.

Tulipofika nyumbani nikatafuta lingine. Nikamwambia Rusul mtoto wa nyoka ni nyoka. Akanitazama.

"Na sisi, shangazi? Babu yako na babu wa Chasib si mtu mmoja? Hatukutoka yai hilo hilo?"

Nikamwambia funga mdomo.

"Au unaogopa kulala peke yako?"

Akajuta papo hapo. Akalia, akanibusu kichwa mara mbili. Mimi sikumjibu. Nilimenya vitunguu.

Namjibu hapa. Ndiyo, mwanangu. Mimi huyo huyo. Ninachoogopa si damu, ni kitanda cha pili kitupu. Miaka ishirini nimelala nikisikia mtu anapumua chumbani mwangu. Ukiondoka nitasikia nini? Friji? Nikisema hapana utabaki, na kila jioni utanitandikia mto kwa adabu, na mimi nitajua.

Chasib naye alinishika hivyo hivyo. Tofauti yetu bunduki tu.

Alhamisi, 14 Machi

Wamekuja kuposa, baada ya alasiri. Wanaume kama ishirini, sebule imejaa. Naandika jikoni, nimekaa juu ya gunia la mchele.

Kahawa imemiminwa. Mzee wao amekiweka kikombe chini mbele yake, hajakinywa. Hawanywi mpaka wapewe walichokuja kuomba. Abdulzahra amekuja mlangoni, jasho kwenye paji la uso.

"Dada. Kahawa inapoa."

Rusul kajibanza nyuma ya friji, anatafuna ncha ya mtandio.

Nikauliza: "Chasib yupo?"

"Yupo. Na fimbo. Sukari imemla mguu."

"Mwambie aje hapa. Peke yake. Aniondolee kizuizi changu kwanza. Kwa mdomo wake, kama alivyokiweka."

"Dada… sasa? Kwa umri –"

"Umri wangu naujua. Alinihesabia yeye."

Mama Haidar kaacha kupanga vikombe. Amekaa na sinia mapajani.

Kaka amekwenda. Sebuleni walikuwa wakizungumza mambo ya mvua. Mtu kakohoa. Hakuna sauti ya kikombe hata kimoja.

Rusul amekuja kunishika mkono wa kushoto. Wa kwake baridi kama samaki. Hajaniuliza nitasema nini. Ningemwambia – nimeshaamua tangu kwenye vitunguu. Lakini ruhusa ninayoitoa, niitoe nikiwa huru. Sitaki kumfungulia yeye mlango nikiwa bado nimefungiwa.

Fimbo. Kwenye vigae vya ukumbi. Moja – anapumzika. Nyingine.

Nimelivuta baibui vizuri, nimepangusa unga. Mpumbavu mimi! Hivi ndivyo nilivyojitengeneza siku waliyokuja watu wa Hatif.

Amefika kwenye pazia. Naona viatu vyake, kimoja kimekatwa mbele kwa ajili ya kidole kilichofungwa bandeji. Anahema.

"Fakhriya," amesema. "Binti ami."

Kisha ameegemea fimbo, anatafuta maneno. Nami sitamsaidia: neno la kuniondolea kizuizi alitoe mwenyewe, ndipo nami nitoe ruhusa.