Mkwe Wangu na Ndoo ya Vitoto vya Changu

Bi Mwanapili, assalaam alaykum. Nakuandikia kwenye safu yako ya gazeti kwa sababu nikimweleza mtu wa hapa Jadida habari hizi zitakuwa zimefika Chake kabla ya alasiri, na nisipomweleza mtu nitapasuka, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata nikirefusha.

Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Wete, si mvuvi wala sina chombo, lakini napenda kuvua kwa mshipi kama wenzangu wanavyopenda mpira, na kila Ijumaa tukitoka msikitini mimi na rafiki zangu, akiwamo Zulfiqar mwenye duka la vitambaa ambaye ndiye kiongozi wetu, tunakwenda Msuka, tunakaa juu ya majabali kwenye mlango wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, tunatupa ndoana, tunapiga soga, tunarudi na kitoweo. Hori lile lina mikoko mingi na ndimo samaki wanamokulia, na watu wa Msuka walishalifunga wenyewe lisivuliwe ili vitoto vikue, ila sisi wakaturuhusu kukaa mlangoni kwa sharti moja tulilowekeana na Mjaka, mkubwa wa kamati yao ya wavuvi, kwamba samaki yeyote asiyefika alama tuliyoikata kwenye kijiti anarudishwa majini mzima, anashikwa kwa mkono uliolowa asichunike, anatolewa ndoana pole pole, anaachiwa. Na wallahi tulilishika sharti hilo, tukalipenda, hata ikawa tunashindana nani karudisha wengi, na Mjaka akawa anatutolea mfano kwa wale vijana wa juya, wenye nyavu za macho madogo zinazokomba kila kitu, akiwaambia, "Ikiwa watu wa mjini wavuao kwa raha zao warejesha, nyinyi mwashindwa nini?" na vijana wale wakakunja nyavu zao, wakahama.

Balaa nimelileta mwenyewe, Bi Mwanapili. Mke wangu Shadya alinililia kuwa baba yake, Mzee Yussuf, tangu astaafu kazi ya ofisi anashinda nyumbani anagombana na redio, "mchukue huko kwenye majabali yenu apunge upepo," nami kwa kutaka kumfurahisha mke wangu nikamchukua, na siku za mwanzo alikuwa mtu mwema kabisa, anatupa mshipi, anasimulia, watu wanacheka. Kisha akanogewa. Nikaanza kuona kila akipata kitoto cha samaki changu hakileti kwenye kijiti, anakitia kwenye ndoo yake na kufunika gunia, nami nikasogea nikamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, huyu hajafika alama," naye akanijibu, "Ashakufa huyu, nikirejesha maiti baharini ntapata thawabu gani?" na samaki mwenyewe ndani ya ndoo anapiga mkia mpaka maji yananirukia usoni! Siku nyengine akaniambia, "Mungu kanletea riziki mkononi, weye waniambia niitupe? Na mdogo ndiye mtamu." Sasa mkwe unamwambia nini? Nikaenda nikamnunulia ndoana kubwa, nikamfungia mwenyewe kwenye mshipi, nikijua vitoto haviwezi kuimeza, akanishukuru, akaniombea dua, tulipofika Msuka akatoa ndoana ndogo mfukoni akabadilisha.

Na hayo si yote, maana Jumamosi tunaalikwa kula kwake, na kinachokuja mezani ni vile vile vitoto vya changu vilivyokaangwa, sahani nzima, na mama mkwe wangu Bi Kazija ananung'unika kuwa vidole vimemuuma kwa kupaa magamba ya samaki wasiofika kiganja, na mzee ananisogezea sahani, "Kula mwanangu, hawa tumewavua pamoja," na mimi nakula, nitafanyaje, nakula huku natoa miiba mdomoni na roho inaniuma.

Sasa Ijumaa iliyonileta kwako, Mjaka alikuja kwenye majabali na wenzake wa kamati, hawakuja kwa shari, walikuja kutuamkia tu, lakini mmoja wao akajikwaa kwenye lile gunia na ndoo ikafunuka, imejaa vitoto tupu, vyengine bado vinatwetatweta. Mjaka akauliza, "Ndoo ya nani hii?" Nikamtazama mkwe wangu, naye akawa anakunja mshipi wake taratibu kama hakusikia, ameinama, kofia imemshukia usoni, nikamwonea huruma, na kabla sijajua nasema nini mdomo ukatamka, "Yangu." Zulfiqar akanigeukia kama nimempiga kofi. Mjaka akasema, "Usama, weye? Mie nawatukana watoto wa watu kwa kulitaja jina lako." Na hapo, Bi Mwanapili, naomba usome taratibu, hapo mkwe wangu akasimama mbele ya watu wote akanyanyua mkono juu akasema, "Astaghfirullahi! Usama! Na mie nlokuoza binti yangu!"

Wenzangu wamenisimamisha nisivue nao, Zulfiqar hapiti tena dukani kwangu, na kile kijiti cha kupimia walichonipa mimi nikitunze wamemkabidhi nani? Wamemkabidhi yeye, eti ni mtu mzima, mkali, hata mkwewe hakumwonea haya! Nikamweleza Shadya ukweli, akalia, akaniambia nimekosa la kusema mpaka namsingizia mzazi wake. Na kubwa zaidi ni kuwa vijana wa juya wamerudi Msuka, mchana kweupe, wanakokota mpaka ndani ya hori, na Mjaka akiwakataza wanamwambia, "Kaanze na wenye ndoo." Jana mkwe wangu kanipigia simu nimpeleke Ijumaa kwa pikipiki, kwa sababu ana kazi ya kukagua ndoo za watu. Bi Mwanapili, nimtaje, ninyamaze, au niache uvuvi nikacheze bao? Naomba msaada wako, na jina langu lifiche.

Mkwe Aliyechoka, Jadida, Wete

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Majina yote nimeyabadilisha, na hiyo kazi ungeifanya mwenyewe, maana ulivyonieleza hata paka wa Jadida wangewajua.

Nakiri nilipofika pale penye Astaghfirullahi nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini. Lakini nilipofika kwenye juya kicheko kikanikauka. Kwa hiyo tuzungumze.

Pole, kwanza. Mkwe si mtu wa kukaripiwa mbele za watu, hilo umelelewa nalo na sikuondoi huko. Uliona mzee ameinama ukashindwa kumwacha. Moyo huo ni mzuri na usikutoke.

Ila usijidanganye kwamba ulimsitiri. Kumsitiri mtu ni kumfunika aibu yake ili apate nafasi ya kujirekebisha. Wewe ulimpa nafasi ya kupanda juu ya mgongo wako akahubiri! Na ulikuwa na nafasi ngapi kabla ya hapo? Ulimnong'oneza, ukanunua ndoana, ukala samaki wake Jumamosi kwa Jumamosi, ukamwachia kila Ijumaa aende tena. Mtu ambaye kila kosa lake linajibiwa kwa kusogezewa sahani, atajuaje kuwa amekosa?

Tena unaandika kana kwamba aliyedhulumiwa ni wewe peke yako. Mjaka je? Yule hana askari wala boti. Alikuwa na neno moja tu la kuwazuia watu wa juya, kwamba hata wanaovua kwa raha wanarudisha vitoto, nawe kwa "Yangu" yako umemnyang'anya. Ungesema kweli, kosa lingekuwa la mzee mmoja aliyenogewa. Uliposema uongo likawa kosa la mtunza kijiti mwenyewe. Sasa hori linakokotwa, na changu ambaye hajawahi kutaga hata mara moja anaishia kwenye kikaango. Mwakani mtakaa juu ya hayo majabali mvue nini, mwani?

Na wewe Mzee Yussuf, maana najua gazeti hili linaingia nyumbani kwako. Shikamoo. Riziki uliyoletewa mkononi si yako peke yako, imo na ya wajukuu zako na ya watu wa Msuka wasio na pensheni. Mtoto wa watu alikufunika kwa nguo yake, wewe ukaivaa ukamcheka yuko uchi. Mtu mzima hafanyi hivyo.

Turudi kwako. Usianze na Shadya. Binti akiambiwa baba yake mwongo, atamtetea hata kama anajua. Mtu wako yuko jikoni na hukumwona. Bi Kazija ndiye anayepaa magamba ya wale samaki, anajua wanatoka kwenye ndoo ya nani, na kachoka nao kabla yako. Nenda kwake mchana mzee akiwa barazani, mweleze yote kwa heshima, bila kupandisha sauti, umwombe azungumze na mumewe. Wazee wetu walitumia njia hiyo kabla ya sisi washauri wa magazeti kuzaliwa.

Mzee akilainika, akasema mwenyewe kwa wenzenu, mshukuru na usiongeze neno. Akikataa, nenda wewe kwa Zulfiqar ukaseme, "Ile ndoo haikuwa yangu, nilidanganya." Ukiulizwa ya nani, sema. Adabu haikulazimishi kudanganya mara ya pili. Shadya akinuna, atanuna, lakini mama yake atakuwa shahidi wako, na ndiyo maana nimekwambia uanzie kwake.

Kuhusu kuacha uvuvi ukacheze bao, sitaki kulisikia. Uache wewe unayerudisha samaki, abaki nani?

Nilipofika hapa nikaona jambo la juya halingoji gazeti litoke, nikampigia simu kijana huyu kwa nambari aliyoiandika nyuma ya bahasha, nikamsomea jibu lake. Siku ya tatu akanipigia yeye, sauti nyengine kabisa, nami kwa ruhusa yake nawaeleza yaliyotokea.

Alikwenda kwa Bi Kazija kama nilivyomwambia. Anasema hakumaliza hata kueleza. Bi Kazija alinyanyuka, akatoa kwenye friji bakuli la vitoto vya changu vilivyokuwa vinangoja kupaliwa, akatoka nalo barazani, akaliweka mbele ya mumewe pamoja na kisu. "Leo paa mwenyewe," akamwambia. "Na ukimaliza uniambie kwa nini mtoto wa watu kafukuzwa kwa ndoo yako."

Mzee akasema, "Ndoo gani?"

"Yussuf," akasema Bi Kazija, akamsogezea bakuli.

Shadya alikuwepo, alikuja kumtazama mama yake, na alisikia. Mzee akashika samaki mmoja, magamba yakamrukia kwenye kanzu, akamshika wa pili, kisu kikamteleza. Akakiweka kisu chini. Kisha akamwambia mkwewe, bila kumtazama, "Nipigie huyo Zulfiqar." Akaipokea simu, akasema, "Ile ndoo ilikuwa yangu mie. Usama alinistahi tu. Kijiti chenu nakirejesha." Akakata kabla hajajibiwa. Baadaye akamwambia Usama kwamba bado anaona mdogo ndiye mtamu, lakini yaishe.

Shadya alimwomba mumewe radhi njiani wakirudi. Zulfiqar kapita dukani asubuhi, kanunua plagi ya pikipiki, na hana pikipiki.

Kijana ananiuliza, "Bi Mwanapili, si yamekwisha?"

Hayajakwisha! Nyinyi wanaume mkishapeana mikono mnadhani na bahari imewasikia. Juya bado limo horini, na Mjaka bado anaambiwa akaanze na wenye ndoo. Umerudishiwa heshima yako, yeye hajarudishiwa neno lake.

Kwa hiyo nisikilize, na mkwe wako asikilize. Simu haitoshi. Kosa lilifanywa juu ya majabali mbele ya watu wa Msuka, radhi ikaombwe papo hapo mbele ya watu wa Msuka. Ijumaa hii mkitoka msikitini mpakie mzee kwenye pikipiki, na Zulfiqar na wenzenu wote wafuate nyuma. Mshipi muache nyumbani, hamwendi kuvua. Mzee atamwambia Mjaka kwa mdomo wake, na wewe utamwambia kwa mdomo wako kwamba ulidanganya. Vijana wa juya wakiwepo, semeni kwa sauti ili nao wasikie. Kisha kaeni na Mjaka mlangoni mwa hori, muwangoje pamoja naye, na msibanduke mpaka juya litoke majini.