Laini kwa Jina la Wifi

Jumatatu, 5 Mei 2003

Mvua tena. Barabara ya kwenda geti la Ngorongoro ni utelezi mtupu. Boksi nne tu za lanchi leo, za wageni wa Elibariki, dereva wa watalii, mteja wangu wa tangu zamani. Kuku, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, keki. Mhuri wa namba yangu ya simu juu ya kila boksi. Saa moja asubuhi kazi imeisha. Nimekaa.

Vocha inaisha muda wake wiki ijayo. Ndiyo shida ya masika: wageni hakuna, hela ya vocha hakuna, na laini usipoiwekea vocha wanaifunga. Mwaka jana niliipoteza namba hivi hivi. Sizoni ilipofunguka madereva wakapiga namba iliyokufa, wakaenda kuagiza chakula kwa wengine. Nililia. Mwaka huu silii, nasema kweli.

Jumamosi, 10 Mei

Kumbe kuna laini ya mkataba. Unaongea kwanza, unalipa mwisho wa mwezi. Namba haifi hata mvua inyeshe mpaka Krismasi. Lakini wanataka barua ya mwajiri na hati ya mshahara. Mwajiri wangu mimi ni jiko la mkaa.

Baba Glori anasema vocha inatosha, mkataba ni wa watu wa ofisini. Nikamwambia biashara hii ni namba, si kuku. Kuku kila mtu anakaanga. Dereva akifika Mto wa Mbu anapiga simu, anaagiza, kesho alfajiri anapita kuchukua, anashuka na wageni wake kreta ya Ngorongoro. Asiponipata hanitafuti. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Si kuna Paskalina?" Dada yake, wifi yangu. Yuko mapokezi kwenye loji moja hapa Karatu. Mshahara anao, barua atapewa.

Jumanne, 20 Mei

Tumekwenda Arusha, mimi na wifi. Amesaini yeye, nimelipa mimi. Wa mkataba wanaruhusiwa kuchagua namba, basi nimechagua tamu, hata mtoto anaishika kichwani. Wifi akacheka, "Jina langu, mdomo wako!" Nimemnunulia kitenge.

Dada yangu wa Marangu nilipompigia ameuliza kwa nini namba ya biashara yangu iko kwa jina la mtu mwingine. Nimekata simu. Sisi Wachaga nasi tumezidi, kila kitu tunataka hati. Nilipoolewa huku Mbulumbulu mbona hakuna aliyenidai hati? Walinipokea kwa maziwa.

Jumatano, 18 Juni

Simu hailali. Nakaanga huku nimeibana begani, yenyewe inanuka kitunguu. Fundi ameandika namba kwenye kibao cha barabarani, herufi nyekundu kubwa. Kinanipendeza hata mimi mwenyewe nikipita.

Wifi amepunguzwa kazi. Alikuja analia, hajui kodi ya chumba ataipata wapi. Nimemwambia njoo hapa, tufunge maboksi pamoja, nitakulipa. Mapishi anajifunza haraka. Simu nimemwachia yeye ajibu, ana sauti ya mapokezi. Nimemfundisha cha kusema: "Karibu Lanchi ya Mama Glori, tukufungie ngapi?" Madereva wanampenda.

Ijumaa, 4 Julai

Wifi hajaja tangu jana. Anasema kifua.

Simu imekataa. Mtandao hakuna. Nimetoa betri, nimeifuta, nimerudisha. Hakuna. Nikasema ni mnara. Jirani ameniletea yake, mtandao umejaa. Mpaka saa kumi jioni hakuna aliyeagiza. Julai hii! Ijumaa!

Nimekwenda kibanda cha simu pale stendi, nikapiga namba yangu mwenyewe. Sijui nilitegemea nini. Ikaita. Ikapokelewa.

"Karibu Lanchi ya Mama Glori, tukufungie ngapi?"

Wifi. Hana hata kikohozi. Nimeweka mkono wa simu chini. Mwenye kibanda akaniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemfuata kwake alfajiri. Magari matatu mlangoni, harufu ya kuku mpaka barabarani. La Elibariki limo. Mwenyewe akaangalia chini. "Mama Glori, mimi nimepiga namba ile ile." Ni kweli. Nimlaumu kwa lipi?

Paskalina akatoka na unga mikononi. Hakutikisika. "Wifi, kazi sina. Laini imeandikwa jina langu. Ulitaka nikalale wapi?"

Nilimlisha. Nikampa kazi. Akajifunza mapishi yangu, wateja wangu, maneno yangu, halafu akajibu simu kwa jina la mwanangu niliyemzaa mimi kwa uchungu. Matusi niliyomtukana siyaandiki hapa. Wakatoliki wawili waliokuwa wanakwenda misa wamesimama kusikiliza mpaka mwisho.

Jumanne, 8 Julai

Arusha tena, ofisi ya simu. Binti wa dirishani ana adabu, sina ugomvi naye. Mteja wao ni jina lililo kwenye mkataba. Mteja kasema kadi imepotea, wamempa nyingine yenye namba ile ile, ya kwangu ikafa. Nikasema anayelipa ni mimi. Akaniuliza yule ni nani wangu. Wifi. "Basi mama, mkayamalize nyumbani. Hata Alhamisi alikuja na kaka yake, walikuwa wanaelewana vizuri tu."

Kaka yake.

Paskalina ana kaka mmoja tu. Alhamisi Baba Glori aliniambia anakwenda Mbulumbulu kuangalia ngano.

Jumanne, 8 Julai

Nimemuuliza wakati anafunga kamba za viatu. Hakukataa. Angekataa, ningemshukuru.

Eti Paskalina ni dada yake, angekula wapi. Eti angeniambia, ila alijua nitapiga kelele. Halafu akasema hivi, namnukuu maana bado linaniwasha: "Wewe Mchaga bwana. Biashara iko damuni. Utaanza nyingine."

Ananisifu! Wamenichinja, halafu ananisifu kwa kuwa na damu nyingi.

Wifi naweza kumchukia, Mungu anisamehe. Huyu nimelala naye kitanda kimoja tangu Alhamisi. Ijumaa nilipokuwa nazungusha betri kama mwehu alikuwa amekaa palepale kwenye kochi. Akaniambia labda ni mnara. Alijua. Kikulacho ki nguoni mwako, tangu shule naisikia, nilidhani ni mambo ya watu wengine.

Alhamisi, 10 Julai

Mama mkwe ameshuka kutoka Mbulumbulu na gunia la maharage. Ametuomba tupatane, mambo ya ndugu hayaendi mbele ya watu. Amelia. Nampenda, nikalia naye. Kisha akaleta ujumbe wa Paskalina: nikitaka nikamsaidie kukaanga, atanilipa.

Maharage nimepokea. Jibu sijatoa.

Jumapili, 13 Julai

Nimenunua laini ya vocha dukani, pale pale kwenye sukari na sabuni. Hakuna aliyeniuliza jina. Namba mbaya, tisa na saba zimechanganyikana, hata mimi siishiki. Ikifika masika nitauza hata sufuria niweke vocha.

Nimepaka rangi kibao chote. Namba ile tamu ilikataa kufutika, nimerudia mara ya pili. Mpya nimeandika kwa mkono wangu, imeenda upande.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepeleka meza kituo cha mafuta, magari yanapojaza kabla ya kupanda Ngorongoro. Kila dereva nampa karatasi mkononi. Wengine wanaona aibu, wengine wanauliza habari wakazisimulie huko mbele. Siwapi. Elibariki ameiandika kwenye simu yake nikimwangalia. Akauliza aandike jina gani, maana Mama Glori anaye tayari.

Nikamwambia aandike Ndeshi. Jina langu. Muda mrefu sijalisikia.

Jumanne, 15 Julai

Baridi na ukungu, mlima hauonekani. Oda mbili. Boksi saba zote pamoja. Nimefunga polepole, hakuna haraka.

Baba Glori ameamka, akakaa mezani na chai yake. Ameangalia simu yangu muda mrefu. Kisha akatoa ya kwake mfukoni, akaomba nimtajie namba mpya.

Nimemwambia niko hapa hapa jikoni. Akinihitaji aite.

Akarudisha simu mfukoni. Nikamwongezea chai.