Matumba ya Waridi la Jangwani

Mukuyuni,
9 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Mutindi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji Gachanja, na wote mlio nao huko Nyeri. Magoti yako yanaivumiliaje baridi? Mimi bado napumua, ingawa kalamu imekuwa nzito kama jembe. Juzi daktari alimwambia mpwa wetu Kalunde kwamba dawa zimefika mwisho. Walidhani nimelala.

Simu ninayo, lakini neno hili nimeona niliandike.

Lile waridi la jangwani uliloliacha kwenye debe miaka arobaini na moja iliyopita liko hai. Mwezi uliopita nililing'oa, nikakata mzizi uliooza, nikalianika kivulini wiki nzima ndipo nikalipanda upya katika mchanga wa mtoni na samadi kidogo. Litakuwa lako, kwa hiyo shika haya. Liweke penye jua. Mvua ikizidi, lisogeze chini ya paa. Juni na Julai litapukutisha majani. Usilihurumie kwa maji. Halina kiu, limelala. Ukilikata nawa mikono, utomvu wake ni sumu.

Unakumbuka baba alivyoapa kwamba hutakanyaga uwanja wake kwa kuwa uliolewa bila mbuzi wa ntheo, wale wa kuifunga ndoa kimila. Usilolijua ni kwamba hakumaliza mwaka kabla ya kujuta. Lakini mzee wa kanisa angekitapikaje kiapo mbele ya watu? Akatuambia mimi na baba mdogo Mwau kwamba siku ua la Mutindi litakapochanua, atatuma mtu kwa Gachanja akaitishe mbuzi, nawe urudi nyumbani. Mwau alicheka, akamwuliza ni tangu lini mzee wa kanisa anapokea amri kutoka kwa debe. Baba akamjibu kwamba debe hilo lina akili kumshinda yeye. Na kila asubuhi alitoka na fimbo yake, akainama kulitazama.

Mutindi, lilitoa matumba mwaka uleule. Niliyachuma mimi.

Niliamka kabla yake, nikayatia mfukoni mwa aproni. Nilimwambia ni wadudu. Nilifanya hivyo miaka sita, hadi tulipomzika, nawe ukasimama nje ya lango kwa kuheshimu kiapo chake. Nilikuona.

Mimi ndiye niliyebaki kumfulia na kumsomea Biblia, na bado akiita mtu, jina la kwanza kumtoka lilikuwa lako. Niliogopa kwamba ukirudi hatanitazama tena. Basi nikamnyima wewe, na nikajinyima mwenyewe. Hadi leo nikisonga ugali nabandua ukoko nikuwekee, kisha nakumbuka.

Sasa lina matumba matano. Kila asubuhi naketi kando yake, mikono nimeificha ndani ya leso. Yakichanua, usingoje kutumiwa mtu. Baba alikuita zamani, ni mimi niliyeificha sauti yake. Mwambie Gachanja asije bila mbuzi, wana wa Mwau bado wanawangoja mbuzi hao. Ukishindwa kunisamehe, njoo hivyo hivyo ulichukue ua lako.

Nisalimie watoto wako, ambao sikuwahi kuuliza majina yao. Lango nimemwambia Kalunde aliache wazi.

Ni mimi dada yako,
Syokau